Uvimbe wa Tezi ya Pituitari: Upasuaji si Mwisho wa Tiba

Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Kurasa hizi aghalabu hushughulikia pembejeo, mizani na hesabu za msimu. Safari hii tunaeleza maradhi ambayo si ya kila siku, lakini yakimpata mwanachama humnyang'anya uwezo wa kuona pole pole, bila jicho lenyewe kuuma. Tiba yake ipo hapa nchini. Sababu ya kuandika ni moja: mgonjwa wa maradhi haya huweza kupasuliwa vizuri, akarudi nyumbani akiona, kisha akadhurika baada ya miezi au miaka kwa kuwa alidhani kazi imekwisha. Madhara hayo ya baadaye hayampati akiwa wodini. Humpata kijijini, shambani au machimboni, mahali ambapo katibu na wanachama wenzake ndio walio karibu naye. Kwa hiyo yafaa tuyajue.

1. Tezi yenyewe na kazi yake

Pituitari ni tezi ndogo kadiri ya punje ya njegere, yenye uzito wa karibu nusu gramu. Imo chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, katika kishimo cha mfupa kilichochongeka mithili ya tandiko. Udogo wake usitudanganye. Tezi hii hutoa homoni zinazoziamuru tezi nyingine za mwili: tezi ya thairoidi iliyo shingoni, tezi mbili zilizo juu ya figo, ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Ukuaji wa mtoto na maziwa ya mama anayenyonyesha pia huitegemea.

Juu kidogo ya tezi hiyo hupita mishipa miwili ya fahamu itokayo machoni, nayo hukutana hapo kabla ya kuingia ndani ya ubongo. Nyuzi zinazopishana mahali hapo ndizo zinazoleta habari za pembeni, yaani vitu vilivyo upande wa kulia kabisa na upande wa kushoto kabisa. Uvimbe wa tezi ukikua kwenda juu hukandamiza makutano hayo, na kwa sababu hiyo mgonjwa hupoteza kwanza uwezo wa kuona pande zote mbili za nje.

Baadhi ya uvimbe wa pituitari hutoa homoni kupita kiasi, na mgonjwa hutambulika kwa mabadiliko ya mwili, kama vile viganja na nyayo kukua, au maziwa kutoka kwa mwanamke asiyenyonyesha. Aina tunayoieleza hapa haitoi homoni ya ziada, ndiyo maana waganga huiita uvimbe usiofanya kazi. Hukaa kimya kwa miaka, na aghalabu hugunduliwa ukiwa umezidi sentimita moja na kuanza kusukuma vilivyo jirani.

Yafaa ieleweke kwamba uvimbe huu kwa kawaida si saratani, hauambukizi, wala hautokani na kosa la mgonjwa. Baadhi ya wachimbaji wadogo wanaotumia zebaki kukamatisha dhahabu huuliza kama zebaki ndiyo chanzo. Zebaki ni sumu inayodhuru mishipa ya fahamu na figo, na kila sababu ipo ya kuiepuka, lakini haijaonyeshwa kuwa ndiyo inayoleta uvimbe huu.

2. Dalili zinazoonekana kwanza na wenzake

Mgonjwa mwenyewe huchelewa kujua, kwa kuwa akitazama mbele huona. Mara nyingi wenzake ndio hutangulia kuona kwamba mambo si sawa. Mkulima hugonga bega kwenye mwimo wa mlango. Mkokoteni wa ng'ombe au pikipiki inayotokea kando humshtua kwa sababu hakuiona mpaka ilipofika mbele yake. Karani wa mizani, aliyekuwa mwangalifu, huanza kuruka tarakimu zilizo pembeni mwa ukurasa. Mchimbaji wa Rwamgasa au Nyarugusu hukosa kuona ukingo wa duara lililo ubavuni mwake, na hapo kosa moja humgharimu maisha.

Pamoja na hayo huweza kuwapo maumivu ya kichwa, uchovu usioisha, kuhisi baridi wakati wengine hawaihisi, hedhi kukatika kabla ya wakati wake, au nguvu za kiume kupungua. Dalili hizi hufichwa kwa aibu, au husingiziwa malaria na uzee.

Jicho lenyewe kwa nje huonekana safi. Halina utando mweupe kama wa mtoto wa jicho, wala wekundu. Miwani haisaidii. Mtu aliyebadilishiwa miwani mara mbili bila nafuu, na ambaye mtoto wa jicho hakuonekana kwake, apimwe uwezo wa kuona pembeni.

Kipimo cha awali ni rahisi, na mganga wa zahanati huweza kukifanya bila chombo chochote. Mpimaji na mgonjwa huketi wakitazamana, umbali wa karibu mita moja. Mgonjwa hufunika jicho moja na kukazia jicho la pili kwenye pua ya mpimaji. Mpimaji huleta kidole kinachotikisika kutoka pembeni kuelekea katikati. Mgonjwa asipokiona mpaka kimekaribia katikati, kwa jicho la kulia upande wa kulia na kwa jicho la kushoto upande wa kushoto, apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo.

Dalili moja ni ya dharura. Maumivu makali ya kichwa yanayozuka ghafla, pamoja na kutapika, macho kufifia kwa saa chache au kope kuanguka, huweza kumaanisha kwamba damu imevuja ndani ya uvimbe. Mtu huyo asingojee gari la kesho.

Hapana budi pia kusema jambo ambalo si la hospitali. Katika Shinyanga na Geita imani kuhusu macho imewahi kuleta maafa. Akina mama wazee wameuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, na kumbe wekundu huo hutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mwanachama anayepoteza uwezo wa kuona bila jicho kuuma ni mwepesi wa kuambiwa kwamba amerogwa na jirani. Katibu anayejua kwamba kuna uvimbe unaoweza kupigwa picha na kuondolewa atakuwa amemwokoa mgonjwa, na huenda pia amemwokoa jirani asiye na hatia.

3. Njia ya kumfikia mpasuaji

Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Shinyanga au Geita. Toka hapo rufaa huenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo leo ina wapasuaji wa ubongo. Wengine hupelekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ambako hushughulikiwa pia maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa wenzetu wa Geita safari ya Mwanza imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, na gari la mgonjwa halingojei tena kivuko.

Kabla ya upasuaji mambo matatu hufanyika. La kwanza ni picha ya kichwa, na iliyo bora kwa tezi hii ni ya mashine ya MRI. La pili ni kupima macho kwa chombo kinachochora ramani ya eneo linaloonekana. La tatu ni kupima homoni katika damu, na miongoni mwake prolaktini isisahauliwe. Uvimbe unaotoa prolaktini kwa wingi hunywea kwa vidonge, na mwenye uvimbe huo kwa kawaida huanza kwa vidonge bila kisu. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, prolaktini yangu imepimwa?"

4. Upasuaji na matokeo yake

Wengi husita wakisikia kwamba kichwa kitapasuliwa. Kwa wagonjwa walio wengi fuvu halifunguliwi. Mpasuaji hupita puani, akatoboa mfupa mwembamba ulio nyuma ya pua na kuufikia uvimbe kwa chini. Njia hii si jaribio la jana. Hermann Schloffer aliifanya mara ya kwanza mjini Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Harvey Cushing wa Marekani aliitumia kwa wagonjwa zaidi ya 200 kati ya mwaka 1910 na 1925, na katika zama hizo zisizo na antibiotiki walikufa wapatao 6 katika kila 100. Katika miaka ya 1960 Jules Hardy wa Montreal aliongeza hadubini ya upasuaji, na tangu miaka ya 1990 imeenea kamera nyembamba yenye taa inayoingizwa puani. Leo, katika hospitali zenye uzoefu, vifo havifiki 1 katika 100. Uvimbe mkubwa mno, au uliotambaa pembeni, huweza kuhitaji njia ya kufungua fuvu.

Kuhusu macho, takriban wagonjwa 8 katika 10 waliokuwa wamepungukiwa hupata nafuu. Wapo wanaoona tofauti kabla ya kutoka wodini, na nafuu huweza kuendelea kwa mwaka mzima. Lakini nafuu si sawa na kurudi kamili. Kadiri mishipa ilivyokandamizwa kwa muda mrefu ndivyo inavyorudi kwa shida, na jicho lililokwisha kuwa giza kwa miezi mingi ni nadra kuona tena. Hii ndiyo hasara ya kuchelewa, na hakuna mpasuaji awezaye kuifuta.

Kuhusu homoni, matokeo ni mchanganyiko. Baadhi ya wagonjwa hurudishiwa utendaji wa tezi yao, wengine hubaki na upungufu waliokuwa nao, na wachache huupata baada ya upasuaji.

Wiki mbili za kwanza zina hatari zake. Maji meupe yanayochuruzika puani, hasa mgonjwa akiinama, huweza kuwa maji ya ubongo, na yakiachwa huleta homa ya uti wa mgongo. Mgonjwa asipenge kamasi kwa nguvu wala asinyanyue gunia. Kukojoa mno pamoja na kiu isiyokatika ni dalili kwamba homoni ya kuzuia maji imepungua. Tena, kati ya siku ya 4 na ya 10 chumvi ya damu huweza kushuka: mgonjwa huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa. Kwa sababu hiyo si busara kupanda basi la kutoka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000 hadi Shinyanga, mara tu baada ya kuruhusiwa. Ndugu zake wamtafutie mahali karibu na hospitali mpaka damu ipimwe tena.

5. Kwa nini uvimbe huweza kurudi

Kando ya tezi, kushoto na kulia, hupita mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo. Sehemu ya uvimbe iliyojishika hapo mara nyingi huachwa kwa makusudi, kwa kuwa kuing'oa ni kuhatarisha maisha. Daktari akisema "kimebaki kidogo", mgonjwa asidhani kwamba amefanyiwa kazi nusu. Amefanyiwa kazi ya busara, lakini amebaki na deni la kuangaliwa.

Kwa wagonjwa ambao picha baada ya upasuaji haionyeshi mabaki, uvimbe hurudi kwa mmoja au wawili katika 10 ndani ya miaka kama 10. Kwa wale wenye mabaki yanayoonekana na wasiopata mionzi, mabaki hukua kwa karibu nusu yao katika muda kama huo, na huweza kuendelea kukua baadaye. Hukua kimya kama mwanzo. Mgonjwa akingojea mpaka macho yafifie tena, amerudi pale alipoanzia, naye ana mishipa iliyokwisha kuumia mara moja.

Mabaki yakikua daktari huchagua kati ya upasuaji wa pili na mionzi. Tiba ya mionzi hutolewa Bugando na katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mtu kupelekwa huko kwa maradhi haya haimaanishi kwamba ana saratani. Mionzi huzuia ukuaji kwa wengi, lakini huweza kudhoofisha tezi baada ya miaka, kwa hiyo aliyepata mionzi anahitaji kupimwa homoni kila mwaka.

6. Ratiba ya ufuatiliaji

Daktari wa mgonjwa ndiye mwenye neno la mwisho. Ratiba ya kawaida ni hii:

(a) Wiki ya 1 hadi ya 2: kupima chumvi ya damu na kuangalia pua.

(b) Wiki ya 6 hivi: kupima homoni, hasa kotisoli ya asubuhi na homoni ya thairoidi.

(c) Mwezi wa 3: kuchora tena ramani ya macho.

(d) Kati ya mwezi wa 3 na wa 6: picha ya MRI. Haipigwi mapema zaidi kwa kawaida, maana damu na uvimbe wa jeraha huipotosha.

(e) Kila mwaka kwa miaka 5 ya kwanza: picha, macho na homoni.

(f) Baada ya hapo: kwa vipindi virefu zaidi, kama daktari atakavyopanga, pasipo kuacha kabisa.

Picha ya kipengele (d) ni ya thamani kuliko zote zinazofuata, kwa kuwa ndiyo kipimo cha kulinganishia. Wazee walioanzisha vyama vya pamba vya kanda hii katika miaka ya 1950 walijua kwamba bila mizani ya kuaminika hakuna ugomvi wa uzito unaoweza kuamuliwa. Ndivyo ilivyo hapa. Mgonjwa asiyekuwa na picha ya kwanza mkononi hawezi kuambiwa kwa hakika kama mabaki yamekua au yalikuwa hivyo tangu awali. Nakala ya picha na taarifa ya upasuaji akae nazo mwenyewe nyumbani, mahali pakavu, na azichukue kila aendapo hospitali.

7. Dawa isiyokatizwa

Mgonjwa ambaye tezi yake haiamuru tena tezi za juu ya figo hupewa haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 25 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu. Dawa hii si ya kumaliza kozi. Ni badala ya kitu ambacho mwili wa kila mtu hujitengenezea kila siku, na asiye nacho hawezi kustahimili homa, ajali wala upasuaji mwingine. Mgonjwa akiiacha kwa kuwa anajisikia vizuri, au kwa kuwa fedha zimekwisha, malaria ya kawaida huweza kumuua kwa muda mfupi: hulegea, hutapika, presha hushuka, huzimia.

Kanuni ni tatu. Kwanza, asikose dozi hata siku moja, na awe na akiba ya mwezi mzima. Pili, akipata homa aongeze dozi kama alivyoelekezwa na daktari, aghalabu mara mbili, mpaka apone. Tatu, akitapika na dawa haikai tumboni, apelekwe mara moja kupigwa sindano. Mwenye kupewa pia dawa ya thairoidi asiianze kabla ya hali ya kotisoli yake kujulikana, kwa kuwa kuitanguliza huweza kumwangusha.

Mgonjwa huyu achukue kadi yenye maneno haya: "Ninatumia haidrokotisoni kila siku. Nikizimia, nikitapika au nikiumia sana, nipewe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 bila kuchelewa." Chini yake yanakiliwe majina ya dawa zote, herufi kwa herufi, kama daktari alivyoyaandika. Nakala moja iwe kwa mwenzi wake, na nyingine kwa mganga wa zahanati.

8. Wajibu wa chama

Kwanza, kwa idhini ya mgonjwa, katibu aandike tarehe za kurudi hospitali katika kalenda yake na kumkumbusha mwezi mmoja kabla. Tarehe za kila mwaka ziombwe ziangukie baada ya mauzo ya pamba au tumbaku, wakati fedha ipo. Lakini picha ya kwanza na vipimo vya wiki za mwanzo visisogezwe kwa ajili ya msimu.

Pili, habari za ugonjwa ni siri ya mwenyewe. Zisisomwe mkutanoni wala zisiandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Tatu, mambo ya bima yaulizwe mtu akiwa mzima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliwahi kuanzisha mpango wa Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima walio katika ushirika, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kila katibu aulize ofisi ya Mfuko iliyo karibu naye masharti yaliyopo sasa, na hasa maswali mawili: je, MRI ya kila mwaka imo, na je, haidrokotisoni imo? Akiba na mikopo ya SACCOS hupangwa vizuri zaidi mtu akijua majibu hayo.

Nne, kazi ibadilishwe pale inapobidi. Asiyeona pembeni asiendeshe pikipiki wala trekta, asishuke kwenye duara, asisimame karibu na karasha. Anaweza kuchambua pamba, kulinda ghala au kuhudumia mifugo mpaka ramani ya macho yake ionyeshe nafuu. Asiondolewe katika daftari la wanachama kwa sababu ya macho yake.

Tano, katibu amwulize mganga wa zahanati kama sindano ya haidrokotisoni ipo kabatini. Ikiwa haipo, iombwe sasa, kabla ya kuhitajika.

Ndugu Wanachama, mpasuaji hufanya kazi yake kwa saa chache, naye humrudisha mgonjwa kwetu. Miaka inayofuata yote ni ya mgonjwa, ya jamaa yake na ya chama chake. Ikiwa katika chama chenu yupo mwenzenu aliyewahi kupasuliwa uvimbe wa tezi hii, mwulizeni wiki hii mambo mawili: alipigwa picha lini mara ya mwisho, na vidonge vyake vimebaki vya siku ngapi.